Biriyani ya Sukari

Kitambulisho cha Nyanya kina mwaka wa kuzaliwa tu: 1948. Mahali pa siku na mwezi pana sufuri. Mwenyewe husema alizaliwa kusi ikiwa imeshika, na jawabu hilo lilimtosha maisha yake yote. Sisi wajukuu, tuliokulia na keki na mishumaa, tukaona anadhulumiwa. Mwaka 2022 tukamchagulia tarehe ya Julai, kusi ikivuma kwelikweli, tumfanyie sherehe yake ya kwanza.

Tatizo likawa keki. Nyanya haipendi. "Huo ni mkate wenye kiburi," husema. Halafu ana sukari, ya hospitali, ya kudungwa kidole asubuhi. Dada yangu akasema: basi tumpikie keki asiyoijua kuwa ni keki. Tumpikie biriyani.

Wazo hili halikutoka hewani. Mnakumbuka Julai 2020? Dunia nzima imefungiwa ndani, halafu ghafla kila simu inaonyesha kisu kikikata kiatu, na ndani ya kiatu ni keki. Kisu kikikata karatasi ya chooni, keki. Nyingi ya keki zile zilitengenezwa na mwokaji wa Uturuki, Tuba Geçkil, na video yake ilizunguka hadi watu wakaanza kutania kwamba huenda hata wao ni keki. Mombasa tulikuwa na sababu zetu za kucheka. Kaunti ilikuwa imefungwa tangu Aprili, na tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungiwa peke yake, asiingie mtu asitoke mtu. Sisi tulikuwa Buxton, mwendo mfupi tu kutoka huko, na jamaa zetu wa Mji wa Kale tuliwaona kwenye simu. Wakati ule hata mzaha wa keki ulikuwa riziki.

Buxton yenyewe nayo ilikuwa inahesabu siku zake. Kwa asiyepajua, ni pale kisiwani kabla hujalivuka Daraja la Nyali. Nyumba zilikuwa za manispaa, kuukuu, za kupanga, na ukikaanga kitunguu kwako jirani wa pili anajua unapika nini. Mwaka 2021 wapangaji wakahama, nyumba zikavunjwa kupisha maghorofa ya Buxton Point. Nyanya akahamia kwa mama, Bombolulu, ng'ambo ya daraja. Majirani wakatawanyika: mmoja Kisauni, mwingine Mshomoroni, mwingine Likoni. Kwa hivyo sherehe ile haikuwa ya keki tu. Ilikuwa mara ya kwanza kina mama wa Buxton kukaa mkeka mmoja tangu wahame.

Sasa upishi. Msingi ulikuwa mkate wa mayai, ule wa nyumbani: mayai, sukari, unga na iliki. Hauna hamira wala siagi, unainuliwa na hewa ya mayai yaliyopigwa hadi mkono ukafa ganzi. Zamani uliokwa kwa moto wa juu na chini, makaa chini ya sufuria na makaa mengine juu ya kifuniko. Wareno, waliojenga Fort Jesus mwaka 1593, wanao ndugu yake, pão de ló, na wao huuinua kwa mayai vivyo hivyo.

Wali tuliutengeneza kwa tambi. Tulizivunjavunja zikawa fupi kama punje za mchele, tukazipika kwa sukari na tui, tukagawa mafungu matatu: moja likabaki jeupe, moja likatiwa zafarani, moja rangi ya machungwa. Paja la kuku lilikuwa mkate wa mayai uliofikichwa na kukandwa na tende, likapakwa sukari iliyounguzwa hadi likang'aa kama limetoka kwenye mafuta sasa hivi. Masala ilikuwa tende zilizochemshwa zikapondwa na kokoa. Vitunguu vya kukaanga vilikuwa vipande vyembamba vya nazi, tukavikausha juu ya moto mdogo hadi vikawa hudhurungi. Tukapanga kwenye sinia. Kitu cha kweli pale kilikuwa kipande cha ndimu pembeni.

Ndipo nilipogundua jambo. Keki ya kiatu hudanganya macho peke yake. Ukiinusa umeijua. Yetu ilidanganya hadi pua. Iliki ya mkate wa mayai ndiyo iliki ya biriyani. Zafarani ya tambi ndiyo zafarani ya wali. Mama aliingia jikoni akauliza, "Mumepika biriyani bila mimi?" na hakuwa anatania.

Swali likanikaa kichwani: mbona huku kwetu uongo huu ni rahisi hivi?

Jibu moja ni kwamba mzaha wa keki iliyojifanya chakula unahitaji mpaka. Lazima kwanza watu wakubaliane kwamba vitamu vina zamu yao na vya chumvi vina zamu yao. Mpaka huo si wa zamani hivyo. Ulaya ya kale sukari ilikuwa ghali, ikihesabiwa pamoja na viungo, na wapishi wa matajiri waliitia kwenye nyama na samaki bila haya. Ni karne ya 17, hasa Ufaransa, ndipo sukari ilipoanza kusukumwa hadi mwisho wa mlo, ikawa na sahani zake. Baghdad nako walikuwa na judhaba: mkate mtamu uliotandazwa chini ya kuku anayechomwa, mafuta yake yadondokee humo.

Pwani mpaka huo haukuwahi kufungwa sawasawa. Mahamri yana sukari na iliki, na tunayala kwa mbaazi za nazi zenye chumvi. Tambi za sukari huliwa kwa mkono kama wali, futari inapoanza. Biriyani yenyewe ina jina la Kiajemi, linalotokana na kukaanga au kuchoma, na viungo vyake vimevuka bahari ileile iliyoleta neno sukari. Kiarabu kinasema sukkar, na nyuma yake kuna Kisanskriti, sharkara. Jahazi halikuwa na chumba cha vitamu na chumba cha chumvi. Kwa hivyo sisi hatukubuni kitu. Tulichukua vitu vilivyokuwa jikoni siku zote, tukavibadilishia viti.

Hata uongo wenyewe una ukoo. Karne ya 10, mwandishi wa Baghdad aitwaye Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya kitabu kikubwa cha mapishi, na ndani yake mna vyakula vinavyoitwa muzawwarat, yaani vya kughushi. Vilikuwa vyakula visivyo na nyama vilivyopikwa kwa sura ya vyakula vya nyama. Walipikiwa Wakristo waliokuwa katika mfungo wao, na walipikiwa wagonjwa waliokatazwa nyama. Yaani kughushi kule kulikuwa huruma. Mgonjwa asijione ametengwa na sinia la wenzake.

Niliposoma hayo, baada ya sherehe, niliona aibu. Maana sisi tulifanya kinyume. Tulimchukua mtu aliyekatazwa sukari, tukamtengenezea sukari yenye sura ya chakula anachoruhusiwa. Tulijiambia ataonja kidogo tu. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunawaza video.

Siku yenyewe, mkeka umetandikwa, simu zimeinuliwa. Nyanya akanawa mkono, akasema bismillahi, akamega paja. Akatafuna. Kimya. Akaliangalia lile sinia kama mtu anayeangalia noti bandia.

"Kuku huyu hana mfupa," akasema. "Na mtele huu n'mtamu."

Tukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akatuuliza, taratibu kabisa, "Yaani kuku wa kweli naruhusiwa, wa uongo ndiye wa kuniua?"

Dada yangu akaanza kujieleza, ooh Nyanya ni mapambo tu, ooh ni kidogo. Nyanya akamkatiza kwa kuomba sahani. Akaletewa moja, akaomba nyingine, hadi zikawa sita. Akajaza wali, masala na kipande cha kuku katika kila moja, akimtaja wa kupelekewa: ya kwanza ya aliyekuwa akiishi mlango wa kushoto, ya pili ya yule wa juu, ya tatu ya mama aliyeshindwa kuja kwa sababu ya miguu. Alikuwa anaipanga Buxton upya, mlango kwa mlango, mbele ya wenyewe. Mmoja wao akajifuta macho kwa upindo wa leso akasingizia pilipili. Kwenye sinia hamkuwa na pilipili.

Kisha mama akaingia na sinia la pili, biriyani ya kweli ya kuku, aliyoipika kimyakimya tangu alfajiri baada ya kutugundua. Nyanya akaichunguza sana kabla ya kutia mkono.

Sahani ya mama mwenye miguu niliipeleka mimi, hadi Likoni, nikavuka kwa feri nimeishika mapajani. Pwani sahani ya jirani hairudi tupu. Hii ilikaa huko wiki nzima, ikarudi imefunikwa kitambaa: viazi karai, vya manjano, bado vina moto, na ukwaju wake kwenye kikopo.

Nyanya hakula mara moja. Alikibonyeza kimoja kwa kidole, akakinusa, akakivunja katikati kutazama ndani.

"Hebu onja wewe kwanza," akaniambia.