Ukoga Uleule, Meno Tofauti

Mwaka 1965, mtafiti wa meno Harald Löe na wenzake mjini Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kupiga mswaki. Hazikupita wiki tatu, fizi za wote zikavimba. Waliporudia mswaki, zikapona. Ikaonekana kesi imekwisha: mkosaji ni uchafu.

Vibarua wa chai wa Sri Lanka ndio walioifufua kesi hiyo. Kuanzia 1970, Löe aliwafuatilia wanaume 480 ambao mswaki hawakuutumia na daktari wa meno hawakumjua. Karibu wote walikuwa na ukoga uliogandamana na fizi zinazotoka damu. Ripoti ya 1986 ilionyesha kwamba asilimia 8 waliharibikiwa vibaya: walipofika miaka 45, fizi zilikuwa zimeachia jino kwa wastani wa milimita 13, karibu mzizi mzima. Wengi, asilimia 81, walikuwa katikati. Asilimia 11 waliobaki, wenye vinywa vichafu vilevile, hawakupoteza hata milimita moja.

Kwa nini? Jibu moja lilikuwa limeanza kuonekana Ufaransa mwaka 1924, madaktari Papillon na Lefèvre walipoeleza habari za kaka na dada wenye maradhi ya ngozi ngumu viganjani na nyayoni. Katika maradhi hayo meno ya utoto huota vizuri, kisha hulegea na kutoka. Fizi hupoa, meno ya ukubwani huota, nayo huenda njia hiyohiyo. Mwaka 1999 jeni yenye hitilafu ilipatikana: ile ya kathepsini C, inayoziandaa silaha za seli nyeupe za damu.

Lakini hayo ni maradhi adimu. Kwa ugonjwa wa kawaida wa fizi, uchunguzi wa jozi 117 za mapacha Marekani, uliotoka 2000, ulikadiria kuwa karibu nusu ya tofauti kati ya watu inatokana na urithi. Hata hivyo hakuna jeni moja inayobeba lawama. Kipimo cha jeni za intalukini-1, kemikali ya uvimbe mwilini, kiliuzwa baada ya utafiti wa 1997, na tafiti zilizofuata zikapingana; kwa maoni yangu, biashara ilitangulia ushahidi.

Tena si kila kinachoandama ukoo kimo kwenye jeni, maana mzazi humwambukiza mtoto bakteria wa kinywani. Na bakteria hao hawalingani kwa ukali: huko Rabat, Moroko, vijana waliokuwa na aina iitwayo JP2 walifuatiliwa miaka 2. Ripoti ya 2008 ilikuta hatari yao ya fizi kuanza kuachia meno ni takriban mara 18 ya wenzao wasio na bakteria wa jamii hiyo.