Maelekezo ya Kroshia, Riyadh na Jeddah

Maelekezo ya kwanza ya kroshia yanayojulikana kuchapishwa yalitoka miaka ya 1820, katika jarida la Kiholanzi la Penélopé. Kabla ya hapo mfumaji alishika kazi ya mwenzake, akaigeuza, akahesabu vitanzi, akaiga. Waandishi wa mwanzo waliwaandikia watu walioijua kazi tayari, wakaruka mengi. Ugumu wa maelekezo mengi hadi leo una mzizi huo: yaliandikwa kumkumbusha fundi, si kumfundisha mgeni.

Nchini Saudi Arabia kazi za sindano ziliingia darasani pamoja na elimu ya wasichana. Shule ya Dar al-Hanan ilifunguliwa Jeddah mwaka 1955 chini ya ulezi wa Iffat, mke wa Faisal aliyekuja kuwa mfalme, na mwaka 1960 serikali ikaunda idara kuu ya elimu ya wasichana. Ushonaji ulikuwemo katika masomo, na walimu wengi wa mwanzo walitoka Misri, Syria na Palestina.

Anayefuma Riyadh au Jeddah kwa kitabu cha kigeni hukutana kwanza na tatizo la majina. Waingereza na Wamarekani huita mishono tofauti kwa jina lilelile. Herufi dc (double crochet) katika kitabu cha Uingereza ni mshono mfupi, ambao kwa Kiarabu ni hashu. Katika kitabu cha Marekani ni mshono mrefu, amudi ya lafa moja, yaani uzi huzungushwa mara moja kwenye ndoano kabla ya kuingizwa kitanzini. Kiarabu kina utaratibu bora zaidi hapa, kwa sababu hesabu ya lafa imo ndani ya jina lenyewe.

Maelekezo yenye herufi sc (single crochet) ni ya Kimarekani, kwani Waingereza hawana mshono wa jina hilo. Herufi hizo zisipokuwepo, idadi hutoa jibu. Mfano mzuri ni taqiya, kofia nyeupe inayovaliwa chini ya kitambaa cha kichwani kiitwacho ghutra, ambayo hufumwa kuanzia utosini. Duara la hashu hutulia likianza na mishono 6 na kuongezwa 6 kila mzunguko: 6, 12, 18, 24. Duara la amudi huanza na 12, likaenda 24, kisha 36. Maelekezo yakitaja dc na mzunguko wa pili una mishono 12, ni ya Uingereza karibu bila shaka. Ukiwa na 24, ni ya Kimarekani. Hesabu hiyohiyo hufichua hata kosa la uchapaji: mzunguko wa tatu wa hashu ulioandikwa 16 umepungukiwa na mbili, na kitambaa kitaanza kujikunja kama bakuli mapema kuliko inavyotakiwa.

Wajapani waliupunguza mkanganyiko kwa michoro ya alama, ambayo husomeka bila kujua Kijapani. Kwa mfumaji wa mkono wa kulia, safu ya kwanza husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, mwelekeo ambao jicho lililozoea Kiarabu tayari linao. Safu ya pili hurudi upande wa pili, na mizunguko hupinga mwendo wa saa. Mchoro peke yake hausemi unene wa uzi wala saizi ya ndoano. Hayo yasipoandikwa pembeni, mfumaji hufuma kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10 na kuhesabu mishono yake.