Fomu ya Mama na Fomu ya Senje

Nilidanganya mara mbili siku moja, na mara zote mbili nilikuwa najaribu kusaidia.

Mama anaishi Kiminini, nje kidogo ya Kitale. Kikundi chake cha akina mama kinaotesha miche ya avokado. Senje, dada yake baba, yuko Kimilili, upande wa Bungoma, na kikundi chake kinafuga kuku wa kienyeji. Mfadhili fulani alitangaza pesa za vikundi vidogo, na kwa kuwa mimi ndiye ninayekaa Nairobi na kompyuta, fomu zote mbili ziliniangukia. Swali moja lilisema: kikundi chenu kina tofauti gani na vingine katika eneo lenu? Nikamwandikia Mama kwamba hakuna kikundi kingine kinachofanya kazi kama yao. Nikanywa chai. Nikamwandikia Senje maneno yaleyale.

Mama akapata. Senje akakosa. Tangu siku hiyo, wawili hawa ambao kila Desemba walikuwa wanatembeleana na sukari na gunia la mahindi wanasalimiana kupitia kwangu. "Mwambie mama yako tumesikia ametajirika," Senje ananiambia kwenye simu, na anacheka kicheko ambacho si kicheko.

Ndiyo maana nilianza kusoma historia ya pesa za vikundi huku kwetu. Nilitaka kujua lile swali la kwenye fomu lilitoka wapi.

Wa kwanza kupata pesa kwa kuungana hapa hawakuwa mama zetu. Walikuwa walowezi. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mahindi ya mashamba makubwa ya Trans Nzoia yakawa yanashuka kwenda sokoni. Mlowezi hakupambana na bei peke yake. Alikuwa na KFA, chama cha ushirika cha wakulima wenzake, na alikuwa na serikali iliyomsikiliza. Waliolima mashamba hayo kwa mikono, wengi wao wakiwa Wabukusu waliopanda kutoka Bungoma, hawakuwa na mlango huo. Sheria ya ushirika iliyowakaribisha Waafrika ilikuja mwaka 1945.

Na Waafrika walipokusanyika bila kukaribishwa, ilikuwa hatari. Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa na Dini ya Msambwa, iliyowaambia watu kwamba mzungu ataondoka. Februari 1948, huko Malakisi, polisi walifyatulia umati wa wafuasi risasi na watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku mwaka huohuo. Mwaka 1952 ikaja sheria iliyotaka vyama visajiliwe. Kile cheti ambacho Mama amekitia fremu na kukitundika sebuleni kina babu yake, na babu huyo alikuwa askari: alitaka kujua nani anakutana na nani, na wanaongea nini.

Halafu uhuru, na mwaka 1963 Kenyatta akalifanya neno harambee kuwa la taifa zima. Watu hawakuanza kuchangishana siku hiyo, lakini sasa walikuwa na ruhusa. Shule na zahanati zilijengwa kwa kuku aliyepigwa mnada mara tano. Familia ziliunganisha pesa zikanunua mashamba ya walowezi kule Trans Nzoia, kisha zikagawana ekari. Miaka ya 1970 watu wa Magharibi walichangia chuo cha WECO pale Kakamega. Leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Hebu fikiria: chuo hicho hakingejengwa kama kila kijiji kingejisifu kuwa hakuna kijiji kingine kama chenyewe.

Sisemi harambee ilikuwa mbinguni. Chifu alikuwa anaweza kukudai mchango kama kodi, na mgeni wa heshima alikuja na bahasha akaondoka na kura. Ikafika mwaka 2003 sheria ya maadili ikawabana maafisa wa umma wasitumie vyeo vyao kuchangisha. Lakini angalau mchango wa harambee ulikuwa na hesabu moja: tukiwa wengi, kapu linajaa.

Pesa za nje pia hazikuanza na fomu ya kushindanisha watu. Mwaka 1983 wasomaji wa jarida moja la Uswidi, la watu wa ushirika, walichanga ili miti ipandwe Pokot Magharibi. Kazi hiyo ikawa shirika la Vi Agroforestry, ambalo watu wa Kitale wamelijua miaka mingi. Jarida lenyewe linaitwa Vi. Kwa Kiswidi, neno hilo maana yake ni "sisi". Yaani ilikuwa harambee, ila ya watu waliokaa kwenye baridi.

Kugawanyika kulikuja polepole, na serikali yetu ilichangia. Mwaka 2013 shilingi bilioni 6 zilizokuwa zimetengwa kwa duru ya pili ya uchaguzi ambayo haikufanyika zilielekezwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, zikawa Hazina ya Uwezo. Mkopo unaenda kwa kikundi kilichosajiliwa chenye akaunti yake. Sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka watu wasiopungua 10. Ni jambo jema, kusema kweli. Lakini ukiwa na wanachama 40 na pesa inahesabiwa kwa cheti, utafanya nini? Nimeona kikundi kikipasuka vipande vitatu wiki moja, kila kipande na mwenyekiti, katibu na mwekahazina wake. Hakukuwa na ugomvi. Ilikuwa hesabu tu.

Jibu lilikuwa kwetu muda wote, pale Bungoma. Vi Agroforestry, pamoja na Benki ya Dunia, waliwafundisha maelfu ya wakulima wadogo wa Bungoma na Kisumu kulima kwa njia inayorudisha kaboni ardhini. Mwaka 2014 tani 24,788 za kwanza zikathibitishwa ziuzwe. Shamba la ekari moja halina kaboni ya kuuza. Hakuna mnunuzi atakayeliangalia. Mashamba yalihesabiwa kupitia vikundi, vikundi vikahesabiwa pamoja, ndipo ikawa bidhaa. Pesa iliyomfikia kila mkulima ilikuwa kidogo, na wengi wameulalamikia mradi ule kwa haki. Lakini ilionekana wazi kwamba mfadhili akitaka, fomu inaweza kuuliza mnafanana vipi, badala ya mnatofautiana vipi.

Basi mwezi uliopita nikapanda matatu Kitale, tukapita Kamukuywa, nikashuka nikaenda kwa Senje. Nilimwambia ukweli kuhusu zile fomu. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mboga. Halafu akauliza, "Kwa hiyo sisi tulipigana na mama yako kwa ajili ya maneno yako?"

Nikasema ndiyo, Senje.

"Basi yaandike upya."

Tunayaandika. Ni fomu moja, kwa jina la vikundi viwili: mbolea ya kuku inapanda Kiminini, miche ya avokado inashuka Kimilili. Mama alikubali kwa shingo upande, kwa sababu yeye tayari ana pesa zake na haoni sababu ya haraka. Walibishana kwenye simu dakika 40 kuhusu nani atashika kitabu cha hesabu. Ni mara ya kwanza wameongea bila mimi kuwa katikati. Kitabu kitakaa Bungoma, vyeti vitakaa Kitale, na benki haitatoa hata senti bila saini ya pande zote mbili.

Lile swali la tofauti bado lipo kwenye fomu. Nimeliacha wazi hadi Jumapili, wakutane wenyewe walijibu.