Korja ya Boriti, Kisado cha Kamba

Babu yangu aliponiuliza nasomea nini chuoni, nilimtajia jina zima: Usimamizi wa Biashara na Masoko ya Kidijitali. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, Maparoni, maji yamekupwa na tope limebaki wazi hadi kwenye mikoko. Akanitazama, akasema, "Mwaka 1983 walanguzi walifungwa. Leo wanapewa digrii."

Nilicheka. Baadaye, nikiwa Dar es Salaam, nikaona kwamba babu alikuwa amenifupishia historia ambayo darasani hatukuwahi kuigusa.

Kwetu somo la masoko lilianza na Philip Kotler, Mmarekani ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1967. Sasa fikiria: mwaka huohuo hapa nyumbani ndipo lilipotoka Azimio la Arusha, na biashara kubwa ya jumla ikawekwa chini ya shirika la serikali. Elimu ya biashara haikufa. Chuo cha Elimu ya Biashara kilikuwepo tangu 1965, na mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata kitivo chake cha biashara na menejimenti. Ila mhitimu wa siku hizo alitarajiwa kwenda kuendesha shirika la umma, lenye bidhaa chache na foleni ndefu. Kumtafuta mteja kulikuwa na maana gani wakati mteja mwenyewe amepanga mstari tangu alfajiri? Kisha ikaja 1983, vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, na watu wakawa wanatupa bidhaa usiku wasikutwe nazo. Babu anasema neno "mfanyabiashara" lilikuwa la kunong'ona.

Lakini Delta ya Rufiji ilikuwa na soko la mbali zamani sana kabla ya hapo. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalishuka na kaskazi, yakapakia boriti za mikoko, yakarudi na kusi. Wajerumani walipofika waliiona mali hiyo mapema, wakaweka kanuni za misitu kwenye Delta mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1939 baharia Mwaustralia, Alan Villiers, alikuja humu akiwa ndani ya jahazi la Kuwait lililofuata boriti. Kitabu chake, Sons of Sinbad, nilikikuta maktaba nikitafuta kitu kingine kabisa, nikakisoma nimesimama mpaka miguu ikafa ganzi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nasoma juu ya matope ya kwetu.

Baba yake babu alikuwa mkataji. Babu mwenyewe bado anazitaja daraja bila kufikiri, kuanzia nyembamba: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Zilihesabiwa kwa korja, miti ishirini. Upangaji wa ubora, kipimo kimoja kinachoeleweka na pande zote, msimu wa mauzo unaojulikana: vitu nilivyovikariri kwa ajili ya mtihani, wazee waliviishi huku wamezama tope hadi magotini. Huko Kuwait upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kama mita tatu hivi, kama ilivyo kwenye nyumba za mawe za Unguja na Lamu. Yaani mkataji wa Delta alikuwa akipima vyumba vya watu asiowajua.

Na hapo ndipo penye jambo. Nilimuuliza babu, boriti ikifika huko iliuzwa bei gani? Akasema, "Aliyejua ni nahodha." Mkataji alijua malipo ya korja yake tu. Kuwait iliposafirisha mafuta yake ya kwanza mwaka 1946, kisha saruji na chuma vikaanza kuchukua nafasi ya boriti, hakuna aliyekuja Maparoni kueleza. Majahazi yalipungua, basi.

Mwaka wa pili chuoni nilifungua ukurasa wa kuuza kamba wakavu wa mama. Bumu lilikuwa limechelewa na nilihitaji kula. Nilipiga picha za kamba kwenye jamvi, jua la asubuhi, nikaandika "kutoka Delta moja kwa moja". Wateja wakaja. Nilijifunza mengi ambayo kitabu hakina, kwa mfano kwamba huwezi kumwahidi mteja wa Sinza Jumamosi wakati boti ya kwenda Nyamisati inasubiri maji. Lakini biashara ilikwenda. Nilipewa alama nzuri kwa ripoti yake, yenye grafu na orodha ya "wateja lengwa".

Nilipomsomea babu ripoti ile kwa Kiswahili, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: majina ya hao wateja anayo nani?

Ninayo mimi. Kwenye simu yangu, kwa nywila yangu. Mama alijua ninachomlipa kwa kisado. Ninauza kwa ngapi mjini, hakuwahi kuambiwa, na mimi sikuwahi kuona kwamba kuna cha kuambia. Gharama za boti, basi, vifungashio, bando, zote ni halali, naweza kuzionyesha. Hata nahodha alikuwa na matanga ya kushona na mabaharia wa kulisha.

Usiku ule nilikaa na mama jikoni, nikamtajia bei ya mjini, nikamwonyesha na hesabu yote kwenye simu. Aliuangalia ule mwanga kwa muda. Kisha akafunika chungu, akasema, "Kumbe. Sasa bamvua lijalo, mwanangu, kisado tutapangana upya."

Tulipangana mpaka usiku wa manane. Ni mgumu, mama.