Reale ya Maria Theresa na Bei ya Haki

Reale ya fedha iliyotawala masoko ya Bahari ya Shamu na kufika mpaka Unguja ina mwaka mmoja tu: 1780. Huo ndio mwaka aliofariki Maria Theresa wa Austria, na umebaki kwenye sarafu yake hadi leo, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi hawakutaka sura nyingine. Vienna iliendelea kuipiga. Mwaka 1935 Italia, ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilipewa vyuma vya chapa ili ipige yake Rome. London, Paris, Brussels na Bombay nazo zikafuata. Basi anayelipa bei kubwa kwa ajili ya tarakimu hizo nne amelipia umri ambao huenda sarafu haina. Bei ya haki ina ngazi zake: kwanza madini, kisha chapa, mwisho hali. Na ngazi hizo hazikubuniwa na wakusanyaji wa leo. Ni desturi ya sokoni, tena ya kale.

Ushahidi upo katika sarafu yenyewe. Uzito wake ni gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha. Yaani fedha safi ni kama gramu 23.4. Ilipita katika nchi ambazo Austria haikuwa na amri juu yake, kwa hiyo mpokeaji mwenyewe ndiye aliyekuwa mkaguzi. Aliipima kwa mizani. Alitazama ukingo, ambako maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma yangeonyesha kama kuna aliyeukwangua. Alikagua lulu za bizimu begani kwa malkia, na zikiwa zimefutika aliweza kuikataa. Pwani nayo ilitofautisha: kamusi ya Edward Steere ya mwaka 1870 ina reale ya Sham na reale ya mzinga, hii ya pili ikiwa ya Kihispania, ambayo nguzo zake zilionekana kama mizinga. Watu walioipa kila chapa jina lake hawakuwa wakipokea fedha kwa kufumba macho.

Atatokea wa kusema kwamba mkusanyaji hanunui madini, hununua uadimu. Ni kweli, lakini uadimu hauna budi kuthibitishwa. Riyali ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882, ilipigwa kwa uchache. Kulipa mara kadhaa ya thamani ya fedha yake kuna sababu. Reale ya 1780 imepigwa kwa mamilioni. Hata herufi S.F. zilizo chini ya sura ya malkia, alama za maofisa wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, zilinakiliwa katika chapa za baadaye, kwa hiyo peke yake si ushahidi wa ukale. Zipo chapa adimu, ila hutambulika kwa kulinganisha lulu na manyoya ya tai, moja baada ya jingine, wala si kwa neno la muuzaji.

Wengine watasema namba ya daraja la hali ya sarafu imemaliza ubishi. Kipimo cha 1 hadi 70 kilitolewa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949, kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao, akitarajia kwamba sarafu ya 70 ingekuwa na thamani mara 70 ya ile ya 1. Soko halikumtii. Namba ilibaki, uwiano wa bei ukavunjika. Kwa hiyo daraja ni maoni ya mtaalamu kuhusu hali ya sarafu, nayo bei hutafutwa upya kila mara. Mng'ao pia hudanganya: ule wa kiwandani huzunguka juu ya sarafu unapoigeuza kwenye mwanga, lakini wa kusuguliwa umetulia na una mikwaruzo myembamba. Reale iliyosuguliwa, au iliyotobolewa na sonara iwe kidani, ina fedha yake na historia yake, lakini haistahili bei ya sarafu isiyoguswa.

Basi muuzaji akianza na mwaka, mrudishe kwenye mizani. Na mwenye reale ya wazee ndani ya sanduku asiisugue: weusi wa kawaida juu ya fedha mara nyingi haupunguzi thamani yake, kitambaa na majivu hupunguza.