CSS (mfumo wa DVD)

CSS ni mfumo wa kuzuia kunakiliwa kwa filamu zilizomo kwenye diski za DVD. Ulianza kutumika mwaka 1996, baada ya kampuni za filamu za Marekani kudai ulinzi dhidi ya uharamia.

Utendaji

Picha na sauti huvurugwa kwa msimbo. Deki yenye leseni hubeba funguo za siri za kuzifungua. Diski nayo huficha funguo zake mahali ambapo kompyuta hainakili kwa kawaida. Anayenakili mafaili pekee huambulia picha zilizovurugika.

Leseni hiyo pia iliwabana watengenezaji wa deki kufuata kanda za mauzo, deki ikicheza diski za kanda yake tu. Kenya na Tanzania ziliwekwa kanda ya 5, Oman na Uingereza kanda ya 2. Hivyo diski halali iliyonunuliwa Muscat iliweza kukataliwa na deki ya Mombasa.

Kuvunjwa

Ufunguo wa CSS wa biti 40 ulikuwa dhaifu. Mwaka 1999 programu ya DeCSS, iliyofungua msimbo huo, ilisambaa kwenye intaneti. Jon Lech Johansen, kijana wa Norway aliyehusika nayo akiwa na miaka 15, alishtakiwa, akaachiwa huru mwaka 2003, hata kwenye rufaa. Nchini Marekani, mahakama ilipiga marufuku usambazaji wa DeCSS mwaka 2000.

Umuhimu

CSS iliacha funzo zito: msanii anastahili malipo ya jasho lake, lakini kufuli linalomsumbua mnunuzi mwaminifu kuliko haramia halimlindi msanii huyo.