Hukumu Hewa

Juni 2023, Jaji P. Kevin Castel wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000. Shauri lenyewe lilikuwa dogo: abiria alilidai shirika la ndege la Avianca fidia, akisema toroli la kugawia chakula lilimgonga goti akiwa safarini. Kilichoitangaza kesi hiyo duniani ni hoja za maandishi za mawakili wake. Zilitaja hukumu kadhaa zenye majina ya wadaawa, namba na tarehe, na hakuna mahakama iliyowahi kuzitoa. Wakili aliyefanya utafiti aliiuliza ChatGPT. Alipoingiwa na shaka, aliiuliza tena kama kesi hizo zipo kweli. Ikamjibu kwamba zipo.

Wataalamu wa kompyuta walikuwa na jina la jambo hili tangu zamani, kwa Kiingereza hallucination. Walilichukua kwa madaktari wa magonjwa ya akili, wanaolitumia kwa mgonjwa anayeona watu wasiokuwepo chumbani au kusikia sauti asizozisikia mwingine. Kiswahili kina neno la dalili hiyo, maruweruwe, na mitaani watu husema mauzauza. Hivyo mfasiri mwenye haraka huandika “maruweruwe ya akili mnemba” na kusonga mbele. Tafsiri hiyo ni sahihi kikamusi, lakini kwa mwanafunzi wa sheria naiona hafifu, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba mashine haioni chochote. Kazi yake ni kukisia neno linalofuata kutokana na maandishi mengi mno iliyojifunzia. Sasa tazama jinsi rejea ya kesi inavyoandikwa: Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Rufaa ya Madai Na. 70 ya mwaka 1989, Mahakama Kuu ya Tanzania, Mwanza. Hiyo ni kesi ya kweli. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza kama mwanamume, na wanafunzi wetu wanaisoma hadi leo. Lakini badilisha 70 iwe 17, Mwanza iwe Bukoba, na jina moja liwe lingine la Kagera. Rejea inabaki inapendeza vilevile. Kila kipande kiko mahali pake na hakuna kinachopiga kelele. Maandishi yenye umbo thabiti namna hii ndiyo rahisi kuigwa na mashine ya kukisia, na hakuna fani yenye umbo thabiti kuliko rejea za mahakama. Kwa kitendo hicho ningechagua kuweweseka. Mtu anayeweweseka usingizini hutoa sentensi zenye sarufi na majina ya watu, bila kujua anachosema na bila nia ya kumdanganya yeyote.

Sababu ya pili ndiyo nzito. Maruweruwe ni dalili ya ugonjwa, na mgonjwa hapewi lawama. Mahakama haina muda na ugonjwa wa mashine. Inamtazama aliyetia saini. Kwa hiyo tunahitaji neno la pili, la kile kinachofika mezani kwa jaji, na neno hilo Watanzania tayari tunalo. Mwaka 2016 serikali iliposafisha orodha ya mishahara, nchi nzima ilizungumzia wafanyakazi hewa: watu wenye jina, namba na mshahara kwenye karatasi, lakini kazini hawapo. Hukumu iliyotungwa na mashine ni hukumu hewa. Uzuri wa neno hewa ni kwamba linakuja na swali lake. Hakuna aliyesikia habari za mfanyakazi hewa akauliza kompyuta ya mishahara ilikuwa na tatizo gani. Kila mtu aliuliza nani aliidhinisha.

Swali hilo linawahusu mno walioko masomoni. Januari 2025, Mahakama Kuu ya KwaZulu-Natal huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ilitoa uamuzi katika shauri la Mavundla. Hoja za upande mmoja zilitaja kesi tisa. Jaji Bezuidenhout alizitafuta, akapata mbili tu. Aliyeziandika alikuwa wakili mwanafunzi, wa ngazi ile ile ya vijana wetu walio kwenye mafunzo ya vitendo. Jaji hakuishia kwake. Aliwagusa pia waliopaswa kumsimamia, akaagiza suala lipelekwe kwenye baraza linalosimamia mawakili. Miezi mitano baadaye, jijini London, jopo lililoongozwa na Jaji Victoria Sharp lilikuta kwamba katika shauri moja dhidi ya Qatar National Bank rejea 18 kati ya 45 hazikuwepo. Utafiti huo aliufanya mteja mwenyewe, na wakili wake akaupokea bila kuufungua.

Vijana wanaosoma sheria Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanauliza kama kazi itakuwepo wakimaliza. Hofu yao ni ya haki. Kazi ya kwanza ya wakili mchanga katika ofisi nyingi ni kutumwa kutafuta kesi rejea, na mashine inarudi na orodha kabla kijana hajavuta kiti. Nami naona hatari iliyo kubwa kuliko kukosa ajira. Katika kutafuta huko ndiko wakili alikojifunza kusoma. Alifungua hukumu ya kurasa arobaini akitafuta aya moja, akatoka akijua jinsi jaji anavyopima ushahidi, anavyotofautisha kesi mbili zinazofanana, anavyokataa hoja bila kumdhalilisha aliyeileta. Ofisi inayoiachia mashine hatua hiyo inaokoa saa chache na kumnyima kijana shule yake. Mawakili wakongwe wanaowapokea wanafunzi wanapaswa kulifikiria hili kabla ya kufurahia kasi.

Wala programu za kulipia zilizotengenezwa mahsusi kwa mawakili hazijamaliza tatizo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu mwaka 2024 na kukuta zinaweweseka katika angalau swali moja kati ya sita. Kazi inayobaki kwa binadamu ni uhakiki, na ni kazi ya kitaalamu kweli.

Uhakiki una ngazi, na ngazi ya chini ndiyo nyepesi. Kujua kama hukumu ipo hakugharimu kitu: hukumu za Tanzania ziko bure TanzLII, za Kenya ziko Kenya Law, na rejea za siku hizi zina herufi za mahakama husika, TZCA kwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, KEHC kwa Mahakama Kuu ya Kenya. Andika namba, uone kinachofunguka. Juu yake kuna nukuu hewa: kesi ni ya kweli, lakini maneno yaliyowekwa kinywani mwa jaji hayamo. Hapa Kiswahili chetu kinaongeza mtego. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, lakini hukumu nyingi za nyuma za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ziko kwa Kiingereza. Mwanafunzi akiuliza kwa Kiswahili hupewa aya nzuri ya Kiswahili ndani ya alama za kunukuu. Hata kama ni tafsiri ya haki, jaji hakuyasema maneno hayo, na ukiyatafuta ndani ya hukumu hutayapata. Tafsiri iandikwe kuwa ni tafsiri, na nambari ya ukurasa wa asili iwekwe.

Ngazi ya juu haina jina bado, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Hukumu ipo, maneno yamo, ukurasa ni sahihi. Ila aya ile ni mahali ambapo jaji anaeleza hoja ya wakili kabla ya kuitupa, au ni maoni ya jaji aliyebaki peke yake wenzake wakiamua vingine. Au uamuzi wote ulitenguliwa kwenye rufaa miaka miwili baadaye. Hakuna cha hewa hapo. Kila kitu kinashikika, na bado mahakama imepotoshwa. Kulibaini hilo lazima mtu asome kuanzia malalamiko hadi amri ya mwisho, kisha aangalie nini kilitokea baadaye. Anayeweza kufanya hivyo na kumwonyesha wakili wake mkuu, kabla hoja hazijapelekwa masijala, kwamba kesi wanayoitegemea ilitenguliwa, ana kazi ya kufanya katika ofisi yoyote ya uwakili ninayoifahamu.